Safari ya siku mbili tatu: hukumu za msafiri, kuanzia Lagangabilili hadi Málaga na Granada



Kila inapokaribia likizo ya skuli hutujia maswali ya namna mbili. La kwanza ni la wazee wa Unguja na Pemba ambao kijana wao amepata kazi bara, mbali hasa, na wanataka kwenda kumtazama kwa siku mbili tatu kisha warudi. La pili huletwa na mama kwa niaba ya mwanawe aliyeko Uingereza: tiketi za ndege za kwenda Hispania ni rahisi, kijana na wenzake wanataka kwenda Málaga Ijumaa jioni warudi Jumapili usiku, je swala zao itakuwaje? Tumeona tuyajibu pamoja. Mmoja anakwenda kwenye nchi ya pamba na mwingine kwenye jua la pwani ya Hispania, lakini mbele ya Sharia wote wawili ni wasafiri na hukumu zao ni zile zile. Kinachotofautiana ni saa, kibla, chakula na mitihani ya njiani.

Kwa safari ya bara tumechukua mfano wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Wengi visiwani hawajawahi kulisikia jina hilo mpaka mtoto apangiwe kazi huko. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Itilima ikakatwa kutoka Bariadi wakati huo huo. Ni nchi ya Wasukuma, ya ng'ombe na pamba, na Waislamu huko ni wachache kuliko tulivyozoea sisi wa pwani.

Ni umbali gani unaomfanya mtu kuwa msafiri?

Ruhusa ya kupunguza swala imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 101, na Sunna ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) imeifafanua. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, safari iwe ya marhala mbili. Wanavyuoni wa zama hizi wanazikadiria kuwa baina ya kilomita 81 na 89.

Hapa watu wa visiwani wasikilize vizuri, maana wengi hukosea. Kutoka bandari ya Malindi hadi Dar es Salaam ni kilomita sabini na kitu tu. Kwa kipimo hiki, mtu anayekwenda Dar kununua bidhaa Kariakoo na kurudi hafupishi swala, hata kama amechafukwa na bahari njia nzima. Lakini kutoka Malindi hadi Mkoani, Pemba, ni takriban kilomita 100, basi huyo ni msafiri. Na anayepanda boti ya Dar hali amenuia kufika Lagangabilili naye ni msafiri tokea boti ilipong'oa nanga, kwa sababu kinachoangaliwa ni mwisho wa safari aliyoikusudia. Lagangabilili iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Unguja hata ukipima kwa mstari ulionyooka. London hadi Málaga hakuna haja ya kupima.

Ndugu zetu wanaofuata madhehebu ya Ibadhi, ambao ni wengi miongoni mwa jamaa zetu wa Oman na wapo hapa visiwani, wao kipimo chao ni farsakh mbili, takriban kilomita 12, na kwao kupunguza si ruhusa tu bali ni wajibu, wala hawaweki idadi ya siku maadamu mtu hakuufanya mji ule kuwa makazi yake. Familia zetu zimechanganyika, basi usije ukamkemea shemeji yako aliyeswali rakaa mbili huko Dar. Ana hoja yake.

Siku ngapi?

Kwa Shafii, ukinuia kukaa pahala siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, umekuwa mukimu tokea ulipofika. Chini ya hapo unabaki msafiri. Ndiyo maana safari ya Ijumaa hadi Jumatatu haina utata: Jumamosi na Jumapili peke yake ndizo zinazohesabika.

Tuseme ukweli kuhusu Lagangabilili, lakini. Kwa basi, siku tatu hazitoshi kwenda na kurudi ukapata hata muda wa kula na mwanao. Njia ni Dar, Dodoma, Singida, Shinyanga, Maswa mpaka Bariadi, na kabla yake una boti. Anayetaka kwenda kwa siku chache apande ndege hadi Mwanza kisha achukue gari kupitia Magu na Lamadi. Asiyeweza nauli ya ndege aongeze siku za likizo, na hapo ndipo aangalie hesabu: akinuia kukaa kwa mwanawe kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa ya pili, siku za katikati zimefika tano, na huyo anaswali kamili muda wote atakaokuwa huko, ingawa njiani anapunguza.

Kuondoka siku ya Ijumaa

Hili ndilo tunaloliona likipuuzwa kuliko yote. Watu hujua kwamba msafiri hawajibikiwi na swala ya Ijumaa, kisha wakaifanya hiyo ni ruhusa ya kuikimbia. Kwa Shafii, mwenye kuwajibikiwa na Ijumaa hafai kuanza safari baada ya kuingia Alfajiri ya siku hiyo ikiwa safari itamkosesha swala, isipokuwa awe anaweza kuiwahi njiani, au apate madhara kwa kuachwa na wenzake. Anayepanda boti ya asubuhi na kufika Dar kabla ya adhuhuri, akaswali Ijumaa huko, hana tatizo. Anayepanda ndege saa 6 mchana, akawa hewani wakati wa khutba, ana tatizo, na ufumbuzi wake ni kuondoka Alkhamisi usiku au Ijumaa baada ya swala. Kijana wa London naye vivyo hivyo: akate tiketi ya jioni.

Kupunguza na kukusanya

Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu, Alfajiri mbili. Nia ya kupunguza iwe pamoja na takbira ya kuhirimia, na usimfuate imamu anayekamilisha. Ukimfuata hata katika attahiyatu ya mwisho, unakamilisha nne.

Hapa hutokea jambo la kifamilia linalohitaji busara. Kijana anayefanya kazi Lagangabilili ni mukimu, wazee wake ni wasafiri. Akiswalisha yeye, wazee wanamfuata na kukamilisha nne. Akiswalisha baba, baba atatoa salamu baada ya rakaa mbili na kijana atasimama kumalizia zake. Tunapendelea baba aswalishe, na awaambie wenyeji kabla ya kuhirimia kuwa yeye ni msafiri ili wasichanganyikiwe.

Kukusanya ni Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ukizitanguliza katika wakati wa ile ya kwanza, anza na yenye wakati wake, unuie kukusanya kabla hujaimaliza, kisha ufuatishe ya pili bila ya kuchelewa sana. Ukizichelewesha hadi wakati wa ya pili, sharti ni unuie hivyo kabla wakati wa ile ya kwanza haujatoka. Msafiri anaweza pia kukusanya Alasiri pamoja na Ijumaa aliyoiswali huko alikofikia, kwa kutanguliza. Anayerudi nyumbani ajue kwamba boti ikifika Malindi, na yeye ni mtu wa mjini, safari yake imekwisha. Ile Adhuhuri na Alasiri alizozichelewesha kwa nia ya kuziswali mbili mbili akifika nyumbani, sasa ataziswali nne nne. Bora angeziswali Dar kabla ya kupanda.

Alfajiri haikusanywi na kitu. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, basi la Kanda ya Ziwa linaweza kukukuta njiani alfajiri, dereva ana haraka na abiria wamelala. Zungumza na dereva na kondakta kabla ya safari kuanza, jioni, kwa upole, na ukiwa na abiria wenzako wawili watatu wenye haja hiyo hiyo. Ombi la watu wanne halikataliwi kama ombi la mmoja. Wasiposimama hadi jua likakaribia kuchomoza, swali ulivyo kwenye kiti kwa kuheshimu wakati, kisha uirudie ukishuka. Ndani ya ndege hukumu ni hiyo hiyo kwa asiyeweza kusimama na kuelekea kibla.

Saa na kibla

Lagangabilili na Unguja zinatumia saa moja, lakini jua halitumii saa ya serikali. Huko liko nyuma ya Unguja kwa dakika 20 hivi. Mwenye kufunga asifuturu kwa adhana ya redio ya Zanzibar, wala kwa kupigiwa simu na jamaa wa nyumbani. Na kwa kuwa tumetaja saumu: anayeondoka kwa boti ya saa 1 asubuhi katika Ramadhani, hali alikuwa mukimu alfajiri ilipoingia, kwa Shafii ataifunga siku hiyo. Ruhusa ya kufungua ni ya aliyetoka mjini kabla ya alfajiri.

Kibla cha Unguja ni kaskazini karibu kamili. Ukiwa Simiyu, kaskazini bado lakini pinda kidogo kulia, upande wa mashariki. Ukiwa Málaga mambo yamegeuka kabisa, kibla ni mashariki, kikiegemea kusini kidogo.

Na saa za Hispania zinawachanganya hata wenyeji wa Ulaya. Nchi iko magharibi sana lakini inafuata saa za Ulaya ya kati. Mwezi wa Juni, Adhuhuri ya Málaga huingia karibu saa 8 na dakika 20 mchana, na Magharibi karibu saa 3 na dakika 40 usiku. Isha inakaribia saa 6 ya usiku, na Alfajiri haikawii. Hapa ruhusa ya kukusanya ni rehema ya wazi. Kijana aliyetembea juani kutwa nzima aswali Magharibi na Isha pamoja kwa kutanguliza, alale, aiamkie Alfajiri. Mwezi wa Disemba jua huzama baada kidogo ya saa 12 jioni na hakuna taabu.

Miji yenyewe: Málaga, Granada, Córdoba

Kuitembelea nchi ya Andalus kwa kuzingatia yaliyopita ni jambo jema, na sisi watu wa pwani tuna kiungo nayo tunachokisahau. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kuwa watu wa Mombasa ni Mashafii, wachamungu, na misikiti yao ni ya mbao. Kilwa alimkuta Sultani Hassan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa ukarimu wake. Mwaka 1350 mtu huyo huyo alivuka kutoka Morocco akaingia Andalus. Njiani baina ya Marbella na Málaga aliponea chupuchupu kutekwa na maadui waliokuja kwa bahari. Málaga aliisifu kwa tini, lozi, zabibu na makomamanga, kwa vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu, na kwa ua wa msikiti wake uliokuwa na michungwa. Granada hakumuona sultani, aliyekuwa mgonjwa, lakini alikutana na kijana mwanachuoni, Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyeiandika habari ya safari zake zote, Kilwa yetu ikiwa ndani yake.

Msikiti ule wenye michungwa haupo. Málaga ilitekwa Agosti 1487, na kanisa kuu la mji limejengwa pahala pake. Kilichobaki ni Alcazaba, ngome ya karne ya 11 iliyo katikati ya mji, na Gibralfaro juu yake mlimani. Asubuhi moja inatosha kwa zote mbili. Pwani ya Málaga wakati wa joto haifai kwa mwenye kutaka kulinda macho yake, na hatuoni haja ya kusema zaidi.

Granada iko mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, na ndiyo tunayomshauri msafiri wa siku mbili aipe siku nzima. Ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492, ikiwa ya mwisho. Ndani ya kasri la Alhambra utaliona neno la watawala wake, kwamba hakuna mshindi ila Allaah, limechongwa ukutani mara zisizohesabika, na wenye neno hilo wamekwenda. Tiketi huandikwa jina, utaombwa pasipoti, na kasri za ndani zina saa yake maalumu, ukichelewa huingii. Chagua saa isiyogongana na swala, au iliyo baada ya kukusanya. Ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Albaicín, kuna Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa Julai 2003, baada ya mji kukaa zaidi ya karne tano bila ya msikiti wa namna hiyo. Swali humo. Waumini wengi wa huko ni Maliki: ukimuona mtu ameteremsha mikono katika swala, au husikii qunuti ya Alfajiri kama ya kwetu, si kosa wala bidaa, ni madhehebu.

Córdoba ina mtihani wake. Msikiti ulioanzishwa na Abdur-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780 ulifanywa kanisa mwaka 1236, na ni kanisa hadi leo. Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani yake, na walinzi wanasimamia hilo. Mwaka 2010 kundi la Waislamu kutoka Austria walijaribu, ikawa fujo na wengine wakakamatwa. Wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu kuingia kanisani: wapo wanaokataza penye masanamu, na wapo wanaoona ni makuruhu tu. Sisi tunaona mwenye kuingia kwa kutazama mihrabu na nguzo zile, bila ya kushiriki ibada yao, asilaumiwe, lakini asiswali humo kwa kuvizia. Ardhi yote ni pahala pa kusujudu, na fujo haiurudishi msikiti. Hata mihrabu yenyewe imeelekea kusini zaidi kuliko kibla cha hesabu za leo.

Chakula na maji

Hispania nguruwe yuko kila pahala, hata pasipotazamiwa: mafuta yake hutiwa katika biskuti za sikukuu zinazoitwa mantecados, na mvinyo hutiwa katika mchuzi. Neno la kujifunza ni "sin cerdo, sin alcohol", yaani bila ya nguruwe, bila ya kileo. Dagaa wanaochomwa vijitini ufukweni Málaga ni halali na wana ladha ya nyumbani. Samaki wa kukaanga uliza mafuta yamekaangiwa nini kabla yake.

Lagangabilili nako usidhani hakuna la kuuliza kwa kuwa ni Tanzania. Suala la nani achinje nyama ya kuuzwa lilizua mgogoro mkubwa katika Kanda ya Ziwa mwaka 2013, na damu ilimwagika. Basi uliza kwa adabu, na mwenyeji wako akikwambia buchani anachinja Muislamu, usimchunguze zaidi. Ukitilia shaka, kuna maharage, na kuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo watu wa visiwani huvipenda wakishavionja.

Kiangazi maji huwa haba huko. Tayamamu inaruhusiwa kwa asiyepata maji au aliye na ya kunywa tu, si kwa mvivu wa kwenda kisimani. Msafiri anaweza kupaka maji juu ya khofu kwa siku tatu na usiku wake, lakini kwa Shafii iwe ni khofu inayoweza kutembelewa na kuzuia maji, aliyoivaa akiwa na udhu. Soksi nyepesi za pamba hazimo.

Mwanamke na safari hii

Safari ya matembezi si kama Hija ya faradhi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa mwanamke asiifanye ila na mumewe au maharimu wake, na kundi la wanawake waaminifu, linalotosha katika Hija ya faradhi, halitoshi hapa. Wapo wanavyuoni wa leo waliolegeza kwa ajili ya usalama wa njia. Binti aliyeko Ulaya na anayetaka kwenda Granada na wenzake azungumze kwanza na wazazi wake na mwanachuoni anayemwamini, wala wazazi wasimjibu kwa ukali kabla ya kumsikiliza.

Mwisho, kwa anayeondokea Tanzania kwenda Hispania: viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, fedha hairudi ukikataliwa, na lazima uwe na bima ya safari ya euro 30,000. Maombi hupelekwa si chini ya siku 15 kabla ya safari. Mwenye deni lililofika muda wake alilipe kwanza, au apate idhini ya anayemdai, kabla hajakata tiketi.

Wa-Allaahu A'lam.